Fizi, Ulimi na Koo la Anayemeza Warfarini

Warfarini humezwa ili damu isigande mahali pasipofaa: kwenye valvu bandia, ndani ya moyo unaodunda ovyo, au katika mshipa mkubwa wa mguu. Hulizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini nne za kugandisha damu. Iligunduliwa kutokana na mifugo ya Kanada na Marekani, ambayo miaka ya 1920 ilivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota kuvu. Mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Nchini Kenya, miongoni mwa wanaoitegemea ni vijana na akina mama ambao valvu za mioyo yao ziliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni.

Dozi ikizidi, mara nyingi kinywa hutangulia kutoa habari. Ngozi ya ndani ya mashavu ni laini, ina mishipa mingi, na kila siku hukwaruzwa na mswaki, muwa au mwiba wa samaki. Fizi zenye uchafu hutoka damu hata kwa asiyetumia dawa yoyote. Warfarini huifanya ichelewe kukatika. Damu kidogo inayokoma baada ya dakika chache ni ya kuripoti kliniki, wala si sababu ya kuacha tembe. Anayeacha ghafla hujiweka katika hatari ya kiharusi, au bonge la damu kuiziba valvu yenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni damu isiyoonekana. Inaweza kuvujia chini ya ulimi au nyuma ya koo, wakati mwingine baada ya kikohozi kikali tu. Sakafu ya kinywa huinuka na kuwa ya zambarau, ulimi husukumwa juu, sauti hukwaruza, mate humshinda mgonjwa kumeza. Kwa kuwa koo huuma, wengi hudhani ni mafindofindo na kusukutua kwa maji ya chumvi. Hapo ni njia ya hewa inayozibwa, na saa chache zinatosha kumaliza uhai.

Mlango wa maafa haya mara nyingi ni jino linalouma. Mtu huenda kwenye kemisti akapewa Flagyl na diclofenac au Brufen, dawa za kawaida kabisa. Flagyl hulizuia ini kuivunja warfarini, hivyo dozi ileile ya wiki iliyopita huongezeka nguvu ndani ya siku chache. Septrin na fluconazole hufanya vivyo hivyo. Diclofenac na Brufen hudhoofisha chembe za kuziba jeraha na kuchubua tumbo. Swali moja la muuzaji, kama mteja anatumia dawa ya damu, lingeokoa watu, na linapaswa kuulizwa kila mara. Mteja naye aseme asipoulizwa.

Nguvu ya dawa hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa wagonjwa wengi hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Valvu bandia ya chuma mahali pa mitrali, upande wa kushoto wa moyo, kwa kawaida huhitaji 2.5 hadi 3.5. Kwa mkazi wa Ngoliba, karibu na barabara ya Thika kwenda Garissa, kufika Thika kupima ni nauli na siku ya kibarua iliyopotea, kwa hiyo miezi hupita. Lakini lishe haingoji. Sukuma wiki, managu na terere zina vitamini K nyingi. Kiangazi mboga zikiadimika, dozi iliyofaa wakati wa mvua huwa kali. Kipimo cha tone la damu la kidole kingeweza kufanywa kwenye kituo cha afya, na huko ndiko kinakostahili kuwa.

Dawa mpya kama rivaroxaban hazihitaji INR, ila hazifai kwa valvu bandia ya chuma. Utafiti wa INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha pia kwamba wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye mdundo ovyo waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroxaban.

Jino likilazimika kung'olewa, kwa kawaida warfarini haisimamishwi ikiwa INR iliyopimwa karibuni iko chini ya 4. Ni bora kung'oa asubuhi, mwanzoni mwa wiki, ili damu ikirudi madaktari wapatikane. Daktari wa meno hushona pengo, mgonjwa huuma shashi kwa nusu saa hivi, na anaweza kupewa dawa ya kusukutua ya tranexamic acid. Asisukutue kwa nguvu siku hiyo. Maumivu yatulizwe kwa paracetamol, kwa siku chache, kwa kuwa ikitumiwa sana nayo hupandisha INR.

Anayevimba chini ya ulimi au kukwaruza sauti apelekwe hospitali kubwa mara moja, akiwa ameketi wima, na tembe zake zote mkononi. Huko njia ya hewa hulindwa kwanza. Kisha mgonjwa hudungwa vitamini K, ambayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na katika muda huo huongezewa plazma au protini za kugandisha. Uvimbe mwingi huyeyuka wenyewe bila upasuaji. Tarehe ya kurudia warfarini huamuliwa na daktari wa moyo.