Dawa za UKIMWI: Mzigo Unarudi Nyumbani



Mjini Bwera, wilayani Kasese, mwendo si mrefu kutoka hospitali ya serikali mpaka kizuizi cha Mpondwe, ambako malori huvuka kuelekea Kasindi na Beni. Wanaopita hapo ni wachuuzi, madereva, wakimbizi, na askari wanaolinda mpaka huo. Katika wilaya ya namna hiyo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ni sehemu ya ulinzi. Inafaa basi tuulize dawa hizo hulipiwa na nani.

Historia ya jambo hili inawagusa askari moja kwa moja. Mwaka 1986 Uganda ilipeleka askari 60 Cuba kwa mafunzo. Walipopimwa, 18 kati yao walikutwa na virusi, na Fidel Castro mwenyewe akamwarifu Rais Museveni mjini Harare. Mwaka huo huo Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa kupambana na UKIMWI. Serikali ilitoa uongozi na maneno ya wazi, lakini fedha nyingi zilitoka nje. Mwaka 1994, kwa mfano, Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 50 kwa ajili ya kupambana na magonjwa ya zinaa.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya wenye mali. Mwishoni mwa miaka ya tisini, dawa za mgonjwa mmoja katika nchi tajiri ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Hapa kwetu familia ziliuza ng'ombe na mashamba, kisha zikamzika mgonjwa. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza bei ya dola 350 kwa mwaka kwa madaktari wa Médecins Sans Frontières, na mlango ukaanza kufunguka. Kuanzia mwaka 2004, kwa fedha za Mfuko wa Dunia na za mpango wa Rais wa Marekani, dawa zilianza kutolewa bure.

Hapana shaka msaada huo umeokoa roho nyingi. Hata hivyo, mwaka 2005 tulipata onyo. Mfuko wa Dunia ulisimamisha misaada yake kwa Uganda kwa miezi kadhaa kwa sababu ya usimamizi mbaya wa fedha, na Jaji Ogoola akaongoza tume ya uchunguzi. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda mfuko wetu wenyewe, utakaopata asilimia 2 ya kodi za bia, waragi, soda na maji ya chupa. Sheria ilikuwa njema. Utekelezaji ukachelewa kwa miaka mingi.

Ndipo tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump akasimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Wahudumu wengi waliolipwa na miradi walipoteza kazi. Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za UKIMWI zilizosimama peke yake ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali. Mwezi Desemba 2025 nchi hizi mbili zilitia sahihi mapatano ya miaka mitano: Marekani itoe hadi dola bilioni 1.7, na Uganda iongeze zaidi ya dola milioni 500 zake yenyewe.

Ndugu wasikilizaji, hakuna kamanda anayekwenda vitani huku risasi zake zimo katika ghala la mtu mwingine. Uganda ina watu karibu milioni moja na nusu wanaoishi na virusi hivi, na walio wengi kati yao humeza dawa kila siku ya maisha yao. Ahadi iliyotiwa sahihi lazima ionekane katika bajeti ya kila mwaka, na dawa zifike mpaka zahanati ya mwisho chini ya milima ya Rwenzori.

Askari naye ana wajibu wake. Dawa zikikatizwa, virusi huongezeka tena na huweza kujifunza kuzishinda. Kwa hiyo anayehamishwa kutoka Bwera asipande gari kabla hajachukua barua yake ya matibabu na dawa za kutosha safari. Zamani mhudumu wa kliniki ya pekee alimfuata mgonjwa aliyepotea. Leo, katika foleni ya wagonjwa wote, huenda asiwepo wa kumfuata. Na kamanda anayejua hali ya askari wake aitunze siri hiyo, ampe ruhusa ya kwenda hospitali bila maswali mbele ya wenzake. Ruhusa hiyo haihitaji fedha kutoka nje, na inaweza kutolewa leo.