Maoni Hayana Majina, Lakini Yana Wenyewe

Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Miradi katika hafla ya harambee ya mwaka, Kilakala, Morogoro

 

Nimepewa dakika chache nieleze mrejesho wa mradi wetu wa mtaro na kivuko, mradi mlioujenga kwa michango yenu. Tumezoea kwamba katibu akisimama usiku kama huu huonyesha picha, hushukuru, kisha kikapu kinapita. Kikapu kitapita. Kwanza naomba niwasomee tulichoambiwa na wanaokitumia kivuko hicho kila siku.

Masika yalipokwisha tuliweka sanduku la maoni lenye kufuli, tukatangaza kwamba mtu asiandike jina. Siku ya kulifungua, wajumbe tulikaa kimya kwa muda. Wapo walioshukuru kwa moyo, kwamba maji yanayoshuka mlimani hayaingii tena majumbani mwao. Lakini mambo matatu yalijirudia. La kwanza, kivuko kimejengwa pale lori la mawe lilipoweza kufika, si pale watoto wanapovukia kwenda shule, kwa hiyo watoto bado wanaruka korongo. La pili, mtaro unajaa mchanga na taka, na hakuna aliyepangiwa kuuzibua. La tatu, mapato na matumizi ya mradi hayajawahi kubandikwa mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuyasoma.

Mjumbe mmoja akauliza: "Haya tutayasomaje mbele ya wachangiaji? Si watafunga mikoba?" Mwingine akainua karatasi moja kwenye mwanga, akasema: "Mwandiko huu naujua."

Ndugu zangu, kwa sentensi hizo mbili sanduku lilikuwa karibu kufa siku ileile. Ya kwanza inaficha matokeo. Ya pili inamsaka aliyesema. Tungefuata mojawapo, mwaka kesho tungefungua sanduku tupu, kisha tungejisifu kwamba hakuna mwenye malalamiko.

Sisi watu wa miteremko hii tunajua ukimya wa namna hiyo huishia wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima waliona kazi ni nyingi kuliko faida, na kwamba uchimbaji unaleta juu udongo wa chini usio na rutuba. Wangemweleza nani? Viongozi wa kienyeji waliopaswa kuyapeleka malalamiko juu ndio haohao walioagizwa kusimamia amri. Mwaka 1955 hasira zililipuka kule Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Mpango ukaachwa. Mtaro wetu si jambo la ukubwa huo, lakini somo ni lilelile: anayesimamia mradi asiwe yeye peke yake mwenye ufunguo wa sanduku.

Kwa hiyo tulikubaliana utaratibu, nanyi mna haki ya kuujua.

Karatasi zilitolewa mikononi mwa kamati siku ileile, akapewa mtu asiye mkazi wa hapa, akazichapa upya. Mwandiko haukubaki kwetu. Kisha maoni yalipangwa kwa hoja. Mtu mmoja alieleza mkasa wake kwa undani kiasi kwamba jirani angemtambua kwenye mstari wa pili. Tulibakiza hoja, tukaondoa mkasa. Najua mkasa ule ungewagusa usiku huu kuliko maneno yangu yote, lakini si wetu kuusimulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inatukumbusha kwamba kinachomtambulisha mtu si jina peke yake. Katika mtaa ambao kila mtu anajua mlango wa mwenzake, ukitaja kazi yake na kona anayokaa umeshamtaja.

Vilevile hatukugawa maoni kwa makundi madogo. Ukisema "wajane wa upande ule wamelalamika", na wajane wa upande ule ni wawili, umefichua watu wawili.

Halafu matokeo yalisomwa kwanza kwa waliotoa maoni, kwenye mkutano wa mtaa, kabla ya kuletwa kwenu. Hatukubuni jambo jipya. Uwezo, walioanza kupima watoto majumbani nchini mwetu mwaka 2010 kama wanajua kusoma na kuhesabu, waliwaambia wazazi matokeo ya mtoto wao palepale nyumbani, kabla ya ripoti kwenda kwa wakubwa. Aliyekupa habari ndiye wa kwanza kurudishiwa.

Karatasi mliyowekewa mezani ni ileile iliyosomwa mtaani na kubandikwa ukutani. Hakuna neno lililopunguzwa kwa ajili ya wageni. Naomba pia msiichukue kama sauti ya Kilakala nzima. Wazee wasioandika waliandikiwa na vijana wa mtaa mwingine, lakini wapo ambao hawakufika kabisa kwenye sanduku. Ni sauti ya waliosema, na inatosha kutufanya turekebishe.

Sasa tutafanya nini? Hesabu za mradi zitabandikwa pamoja na karatasi hii, na zitasomwa kila baada ya miezi mitatu. Hilo halihitaji hata shilingi yenu, na tulipaswa kulifanya tangu mwanzo. Naomba radhi kwa niaba ya kamati. Kuzibua mtaro kutakuwa na zamu ya kila mwezi, na tunahitaji majembe, sepeto na toroli. Jambo kubwa ni kivuko cha pili, pale watoto wanapovukia, kikamilike kabla ya masika ya mwezi Machi. Hilo ndilo changizo la usiku huu. Waliotaka mtaro uongezwe hadi juu tumewajibu wazi kwamba uwezo huo hatuna. Ombi lao tunalipeleka Manispaa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tumeyaweka maradhi yetu mezani penu, karibu na sahani zenu. Kama kuna anayeona ni aibu, tutamwelewa. Lakini anayetoa usiku huu atoe akijua fedha ya kwanza ilifanya nini na ilikosea wapi.

Nina ombi moja la mwisho, nalo halina gharama. Mkirudi mtaani kesho, msiulize nani aliandika. Ulizeni watoto wanavukia wapi.