Kabla ya Kununua Mtungi, Uliza Kitakachoungua

Mada kwa wenye maduka, nyumba za wageni, maghala na viwanda vidogo vya Korogwe na Handeni

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akisikia kuna ukaguzi, jambo la kwanza analofanya ni kununua mtungi wa unga wa kilo 6 na kuutundika nyuma ya kaunta. Mwezi haujaisha, mbele yake yamepangwa magodoro na ndoo za rangi. Siku ya siku kijana wa dukani ataanza kuhamisha mizigo kwanza, ndipo aufikie.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo, na wamiliki wengi hulikumbuka suala hili kupitia cheti na ada yake. Lakini cheti hakisemi kitakachoungua Jumanne saa tisa alasiri, wala nani atakuwa amesimama karibu. Maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua mtungi, na bei hufuata nyuma.

Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Moto wa usiku kama huo unakumbusha kwamba mtungi wa mkononi unahitaji mtu macho, aliye karibu, anayejua kuvuta pini. Ghala linalofungwa saa kumi na mbili jioni na kuachiwa mlinzi wa getini halilindwi na mitungi hata iwe kumi. Linahitaji king'ora cha moshi, umeme unaozimwa kwenye swichi kuu, na mlinzi mwenye namba ya zimamoto, 114, kichwani. Inafaa hili lisemwe mapema, maana wauzaji hawalisemi.

Sasa tuingie ndani ya majengo yenyewe, tukianza na mkonge, kwa sababu ukanda huu umeishi nao tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta Tanganyika mwaka 1893. Singa zilizokauka, vumbi la chumba cha brashi na marobota yaliyoshindiliwa huungua kwa namna yake. Unga mkavu hulaza ndimi za moto upesi, watu wakashangilia, kumbe kaa limebaki ndani ya robota ambako unga haupenyi. Baada ya muda moshi unaanza upya, na mtungi umeshaisha. Hapo kinachotakiwa ni maji, au povu lenye uwezo wa kulowesha, kisha robota litolewe nje, lipasuliwe na kumwagiwa tena. Ghala la mahindi la Handeni na pumba za mashine ya kukoboa hufuata kanuni hiyohiyo. Injini ya dizeli inayoendesha mashine ni habari nyingine: hiyo ina mafuta, na karibu yake uwekwe mtungi wa unga au povu.

Jikoni ndiko makosa huwa ya hatari zaidi. Karai la chipsi likipata joto kupita kiasi, mafuta hujiwasha yenyewe bila kuguswa na cheche. Mpishi akimwaga maji, maji yale huzama chini ya mafuta na kugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji hutoa mvuke wa takriban lita 1,700, nao hurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Kuna mtungi uliotengenezwa kwa kazi hii, wenye dawa ya majimaji inayogeuza uso wa mafuta kuwa kama sabuni na kuyapoza. Chini ya mfumo wa Uingereza hupewa alama ya njano na herufi F. Nyumba ya wageni yenye jiko la kukaangia iutafute huo, na pembeni iweke blanketi la kuzimia moto. Moto ukiwa unatoka kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, kazi ya kwanza ni kufunga valvu. Ukiuzima huku gesi inaendelea kuvuja, chumba hujaa gesi ikisubiri cheche.

Ofisi ya kompyuta, duka la simu na chumba cha swichi ni mahali pa mtungi wa hewa ya ukaa, wenye alama nyeusi. Hauachi takataka, na haupitishi umeme. Una tabia zake: hauna geji, hivyo hukaguliwa kwa kupimwa uzito, pembe yake ya kutolea gesi hupoa kiasi cha kuunguza kiganja, na katika chumba kidogo hufukuza oksijeni, kwa hiyo aliyeutumia atoke. Nje penye upepo haufai kitu.

Lutindi, juu ya Usambara Magharibi wilayani Korogwe, inadai hesabu tofauti. Kituo cha pale kilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Penye mlima gari la zimamoto haliwezi kuwa jibu la dakika tano za kwanza, na ndani ya wodi unga mkavu huleta ukungu mzito unaoficha mlango na kukaba pumzi, jambo baya kwa watu walio tayari na hofu. Hospitali ya aina hii ingefanya vyema kuweka mitungi ya maji au povu wodini, na unga ubaki karakana na kwenye jenereta. Swali gumu ni kufuli. Mtungi ulio wazi unaweza kuvutwa pini na mgonjwa. Uliofungiwa kabatini hutegemea ufunguo usioonekana. Njia ya katikati ni kuuweka chumba cha muuguzi wa zamu, karibu na kitasa cha mlango. Mwenye nyumba ya wageni au kambi ya vibarua mlimani asome somo hilohilo.

Kuhusu ukubwa, kilo zinadanganya. Kwenye mtungi uliotengenezwa kwa viwango vya Ulaya husomeka maandishi kama 21A 113B. Namba ya A ni urefu wa rundo la mbao uliozimwa kwenye jaribio, desimita 21, yaani mita 2.1, na namba ya B ni lita za kioevu kilichokuwa kwenye sinia la jaribio. Mitungi miwili ya kilo 6 inaweza kutofautiana sana kwa namba hizo. Kanuni ya Uingereza huzidisha eneo la sakafu kwa 0.065: ghala la mita za mraba 600 linahitaji 39A, yaani mitungi mitatu ya 13A au miwili ya 21A, na mtu asitembee zaidi ya mita 30 kuufikia mtungi. Mtungi mzito ukae na mpini wake kama mita moja kutoka sakafuni, kwenye njia ya kutokea. Dada wa mapokezi asiyeweza kunyanyua kilo 9 apewe miwili midogo.

Na wote wajue muda: mtungi wa kilo 6 humalizika ndani ya sekunde 15 hivi. Hakuna nafasi ya kusoma maelezo. Gharama ya kufyatua mtungi mmoja uani kila mwaka, wafanyakazi wote wakiwepo, ni ndogo kuliko ya mitungi mitano isiyoguswa.

Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe nani atajaza upya. Ukibonyezwa mara moja tu, chembe za unga hukwama kwenye valvu na shinikizo huvuja taratibu, hata geji ikiwa bado kwenye kijani siku ile. Mtungi utakaosafirishwa Tanga, karibu kilomita 100 kutoka Korogwe, huacha pengo ukutani kwa siku kadhaa. Muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ataacha mwingine wa kuazima, wa aina ileile na namba zilezile, mpaka wa kwanza urudi.