Safari za Siku Moja kutoka Edinburgh kwa Gari la Moshi na Basi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Nkende, Tarime)



Bwana Katibu aliponiandikia kwamba wanachama wataka habari za safari yangu ya Uskoti, niliona haya kidogo. Nilikwenda kwa masomo ya miezi mitatu tu, na mtu aliyekaa miezi mitatu katika nchi ya watu hawezi kudai kuwa aijua. Basi sitasema habari za nchi nzima. Nitasema jambo moja dogo nililojifunza kwa gharama yangu mwenyewe, nalo ni namna ya kutoka katika mji mkuu asubuhi, kwa gari la moshi au basi la watu wote, ukaona mahali pa maana, ukarudi kulala kitandani mwako usiku ule ule.

Huenda mmoja wenu akauliza: Jambo hili latuhusu nini sisi makarani wa Tarime? Latuhusu, kwa kuwa wako wenzetu wapelekwao masomoni Ulaya, na wengine watapelekwa. Aghalabu hurudi na cheti na sanduku la nguo. Ukiwauliza waliona nini, watakutajia njia ya kutoka bwenini hadi darasani. Si kwamba ni wavivu. Waogopa kupotea, waogopa kuaibika mbele ya mashine ya tikiti, na zaidi ya yote waogopa kumaliza posho. Mimi nilikuwa mmoja wao. Jumamosi nne za kwanza nilizimaliza chumbani, nikipika wali na kuitazama mvua dirishani.

Kilichonitoa chumbani ni kumbukumbu ya marehemu Bwana Martin Kayamba, karani kama sisi, mmoja wa waasisi wa chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Kazi ile ilikuwa nzito, lakini Bwana Kayamba hakufumba macho njiani. Aliyoyaona aliyaandika kwa Kiswahili, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1932 ili wenzake waliobaki nyumbani wapate kusoma. Nilijiuliza, Je, mimi nitawaandikia wenzangu nini? Habari za sufuria ya wali?

Tena mji wenyewe ulinisuta. Edinburgh ndiko alikosoma mtoto wa mkoa wetu, Mwalimu Julius Nyerere, tangu 1949 hadi 1952. Yeye alifika huko siku ambazo barua ya nyumbani ilikuwa jambo la kungojewa. Mimi nilifika na simu mfukoni, kisha nikajifungia.

Basi nitaeleza kwanza mambo yampasayo msafiri kuyajua, kisha mahali penyewe.

Jambo la kwanza ni saa. Ratiba zao huhesabu tangu usiku wa manane, saa 0 hadi 23. Ukitaka kupata saa zetu, toa sita. Gari la 9:30 laondoka saa tatu u nusu asubuhi. Gari la 13:15 laondoka saa saba na robo mchana. Tena tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, na miezi iliyobaki kwa saa tatu. Jambo hili laonekana kuwa la watoto wa shule. Sikilizeni lilivyonitenda.

Jumapili moja ya mwezi Juni nilikwenda katika kijiji kimoja cha pwani. Nilisoma kwamba basi la mwisho la kurudi laondoka saa 18:00, nami nikaandika katika karatasi yangu, kwa haraka, «mwisho saa 6». Jioni nilipoitoa karatasi, macho yangu ya Kitarime yalisoma saa sita ya usiku. Nikatembea ufukoni kwa raha. Jua nalo lilinidanganya, kwa maana katika mwezi wa Juni huko jua hutua karibu na saa nne za usiku kwa hesabu yetu. Nilipofika kituoni saa mbili usiku, kweupe kama alasiri, basi lilikuwa limekwenda zamani. Sikuwa na wa kumlaumu. Nilirudi kwa teksi, na teksi ile ilimeza posho yangu ya chakula ya siku nne. Tangu hapo huandika saa kama zilivyo katika ratiba, tarakimu nne, bila kuzigeuza, na pembeni naongeza neno «jioni» au «usiku».

Jambo la pili latokana na hilo: anza kupanga safari kwa kutafuta gari la kurudi. Sisi huuliza, Nitafikaje? Msafiri wa siku moja yampasa kuuliza, Nitarudije? Ajue gari la mwisho, na gari lililo kabla ya lile la mwisho, naye akusudie kupanda lile la kabla. Siku za Jumapili mabasi na magari ya moshi hupungua, na siku ya Krismasi magari ya moshi hayaendi kabisa. Tena siku za mwisho wa juma mafundi huweza kuifunga njia ya reli ili waitengeneze, abiria wakachukuliwa kwa basi, na safari ikawa ndefu. Itazame ratiba usiku wa kuamkia safari, wala usiitegemee ile uliyoisoma juma lililopita.

Jambo la tatu ni mwanga. Sisi tulio karibu na ikweta twapata mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, hata twadhani ndiyo sheria ya dunia. Edinburgh, katika mwezi wa Desemba, jua hutoka karibu na saa tatu kasorobo asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Aendaye wakati huo achague mahali pa karibu, pamoja na nyumba za makumbusho. Ngome na magofu ayaache kwa wa miezi ya mwanga.

Jambo la nne ni fedha. Ukipanda gari la watalii utalipa nauli, na maelezo, na faida ya mwenye gari. Ukipanda gari la watu wote utalipa nauli tu. Nunua tikiti ya kwenda na kurudi siku ile ile, nayo uitunze, maana lango la stesheni laitaka wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka. Zamani magari ya moshi ya Uskoti yalitoza nauli kubwa zaidi saa za kwenda na kurudi kazini. Tangu Septemba 1, 2025, nauli hiyo ya juu imeondolewa, hata msafiri aweza kudamka bila kuadhibiwa. Chukua mkate na chupa ya maji. Maji ya bomba ya huko hunywewa bila kuchemshwa, na stesheni nyingi waweza kujaza chupa yako bure.

Na mabasi? Hakuna kondakta, wala mpiga debe wa kukuvuta mkoba kama katika stendi yetu ya Tarime. Wewe mwenyewe yakupasa kulinyoshea basi mkono; usipofanya hivyo huweza kupita likakuacha umesimama. Mabasi ya mjini Edinburgh hupokea sarafu, lakini dereva harudishi chenji. Ukiwa na kadi ya benki, igusishe katika kifaa cha mlangoni. Ukiigusisha mara nyingi katika siku moja, yako makadirio ambayo nauli haitazidi.

Sasa nitataja mahali penyewe. Stesheni kubwa ya Edinburgh yaitwa Waverley, nayo iko bondeni, kati ya mji wa kale na mji mpya. Humo ndimo safari zote nitakazotaja huanzia.

Safari iliyo rahisi kuliko zote ni ya kwenda kuona daraja la Forth. Panda gari la kwenda upande wa Fife, ushuke North Queensferry. Ni mwendo wa dakika 20 hivi, na gari lenyewe lakuvusha juu ya daraja. Daraja hilo la chuma lilifunguliwa mwaka 1890, lina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu, na magari ya moshi yangali yakipita juu yake kila siku. Kando yake liko la magari ya barabara la mwaka 1964, na la tatu la mwaka 2017. Ukisimama ukingoni wayaona madaraja matatu ya karne tatu kwa mtazamo mmoja. Wafanyakazi zaidi ya 50 walikufa katika kulijenga lile la kwanza. Nilipokumbuka hayo nililiwaza daraja letu la Kirumi juu ya mto Mara, ambalo twalipita tukisinzia.

Ya pili ni Linlithgow, dakika 20 hivi, penye magofu ya jumba la wafalme alimozaliwa Malkia Mary wa Waskoti mwaka 1542. Toka stesheni watembea kwa miguu dakika chache tu. Ya tatu ni Stirling, kama dakika 50, penye ngome juu ya jabali, na chini yake mto ambao Waskoti waliwashindia Waingereza vitani mwaka 1297. Ya nne ni North Berwick, nusu saa hivi, mji wa pwani unaotazamana na kisiwa cha jabali kilichojaa ndege weupe wa baharini wakati wa kiangazi. Atakaye kwenda kusini na apande gari la Tweedbank, kwa njia ya reli iliyofunguliwa upya mwaka 2015. Safari ni kama saa moja.

Lakini safari nitakayoikumbuka mpaka kufa kwangu ni ya kwenda Blantyre. Toka Edinburgh nilipanda gari la Glasgow, karibu dakika 50. Twaliita gari la moshi, lakini katika njia ile moshi haupo tena, kwa maana tangu 2017 laenda kwa umeme. Nilishuka stesheni ya Queen Street, nikatembea dakika 10 hadi stesheni ya pili iitwayo Central, nikapanda gari dogo la Blantyre. Huko ndiko alikozaliwa Daktari Livingstone mwaka 1813, katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na alipokuwa na umri wa miaka kumi akaanza kazi kiwandani. Nyumba hiyo ni makumbusho sasa. Yafaa kuuliza kwanza kama siku hiyo wafungua.

Nilikwenda nikidhani nitaona habari za Mzungu. Nilisimama mbele ya habari za Susi na Chuma, ambao Livingstone alipokufa mwaka 1873 waliuhifadhi mwili wake, na pamoja na wenzao wakauchukua miezi mingi, kwa miguu, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwenzao Jacob Wainwright aliufuata mpaka London, akawa mmoja wa waliolishika jeneza siku ya maziko. Mabwana, mimi nilikuwa nimechoka kwa kubadili gari mara moja. Nikaona aibu, nikakaa kimya hata tulipofika tena Waverley.

Niliporudi nyumbani, baba yangu aliniuliza niliyoyaona. Nilimweleza madaraja, na ngome, na nyumba ya Livingstone. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, «Vema, mwanangu. Na nyumba ya Mwalimu pale Butiama, nayo wanaipangaje?»

Sikuwa na jibu, kwa maana sikuwa nimefika Butiama hata siku moja. Nimezaliwa katika mkoa huu, nimeandika barua za Serikali miaka mingi, nami niliijua nyumba ya mgeni aliyezaliwa ng'ambo kabla ya kuliona kaburi la Mwalimu, aliyefariki Oktoba 14, 1999, akazikwa nyumbani kwao, safari ya siku moja tu toka hapa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Hekima ya safari za siku moja si ya Edinburgh peke yake. Tuitumie hapa. Jumamosi moja ya mwezi ujao tupande basi la asubuhi hapa Tarime, tuvuke Kirumi, tushuke Makutano, tushike gari la Butiama. Tuulize kwanza kama makumbusho yako wazi. Tujue gari la kurudi kabla ya kujua gari la kwenda. Kila mtu achukue chakula chake na nauli yake kamili, na atakayeandika saa katika karatasi aandike pia kama ni asubuhi au usiku. Nami najitolea kuwa karani wa safari hiyo, kukusanya majina baada ya mkutano huu.