Kabla ya Kununua Kifaa, Tumuulize Atakayekifungua

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika kikao cha kamati za maendeleo za sharika, Daraja Mbili, Arusha)



Tumeombwa tueleze habari za karakana ya vijana hapa Daraja Mbili, na hasa lile jambo la moto. Tutafika huko. Lakini inabidi tuanzie stoo, maana habari yenyewe ilianzia stoo.

Katika stoo ya ofisi yetu kulikuwa na maboksi ya taa za sola. Tulizinunua kwa fedha za mfadhili, tukapiga picha pamoja na walengwa, tukaandika taarifa ya utekelezaji, na taarifa ile ilikuwa ya kweli: taa zote ziligawiwa. Mwaka wa pili zikaanza kurudi, kwanza moja moja, kisha kwa mifuko. Katika bajeti hatukuweka kifungu cha matengenezo. Tulipoulizia vipuri tukajibiwa kwamba haviuzwi peke yake. Basi tukazifungia. Mama mmoja kutoka huko juu kwenye miteremko ya Meru alituuliza kama taa yake imelazwa au imeshazikwa. Tulicheka naye, lakini jibu hatukuwa nalo.

Siku hiyo alikuwa amesindikizwa na mjukuu wake, kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamooni wazee. Naomba nifungue hiyo moja."

Tulisita, maana kifaa cha mradi kina namba ya mali. Lakini hata namba ya mali ilikuwa haiwaki. Akaifungua kwa bisibisi aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye spoku ya baiskeli, akaweka kipimo cha umeme, akasema taa ni nzima, paneli ni nzima, kilichokufa ni betri tu. Alitumia muda mfupi kuliko tuliotumia sisi kutafuta funguo za stoo.

Baadaye tulimtembelea chumbani kwake. Kitanda kimesukumwa ukutani na nafasi yote iliyobaki ni ya vitu vyake: redio zilizochanwa, feni inayozungushwa na mota ya printa, chaja ya simu inayotumia dainamo ya baiskeli. Anafanya haya usiku, baada ya kazi, kwa sababu anayapenda. Kwa sasa jambo linalomshughulisha zaidi ni betri za kompyuta za mkononi zilizotupwa. Ndani ya betri ya namna hiyo mna seli ndogo za lithiamu, mara nyingi sita, zinazofanana kwa umbo na betri za tochi. Betri ikichoka mwenyewe huitupa yote, kumbe huenda zilizokufa ni seli mbili tu. Yeye huzitenganisha, huzijaza hadi volti 4.2, huandika tarehe kwenye kila moja, huziacha wiki mbili juu ya kigae, kisha huzipima upya. Iliyoshuka sana huitenga. Yote anayaandika kwenye daftari la mistari. Tukiri kwamba daftari lile lilitutia aibu, kwani taarifa zetu za robo mwaka hazina vipimo vya uhakika kiasi kile.

Hivyo ndivyo taa zetu zilivyoanza kuwaka tena, na hivyo ndivyo karakana ya Jumamosi ilivyoanza.

Sasa moto. Jumamosi ile kijana huyu alikuwa ametoka kununua vipuri. Mwanafunzi mmoja akaunganisha seli bila kadi ya kinga, yaani kile kibao kidogo kinachokata umeme seli inapojaa kupita kiasi au waya zinapogusana. Waya zikagusana. Seli ya lithiamu ikipata moto haifuki moshi kwa adabu kama kibatari, hutema. Meza iliungua na pazia likaungua, mtoto hakuumia. Sisi tuliokuwa na wajibu wa kusimamia tulikuwa ofisini tunakunywa chai. Kwa hiyo kabla kosa hilo halijawa la mtoto, ni letu.

Wapo wajumbe wanaopendekeza karakana ifungwe, na fedha iliyobaki inunue taa mpya. Hofu yao tunaielewa. Lakini taa mpya nazo zina betri, na betri zitachoka.

Mji wetu haujaanza leo mambo haya. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, kiko hapa hapa Arusha, na mitambo yake ya gesi ya samadi inafahamika mbali. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alitengeneza kwa vipande vya baiskeli chaja ya simu na mashine za kukanyaga kwa miguu, kisha akashiriki kuanzisha karakana ya Twende ili wengine nao wajifunze kubuni. Naye Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, mzaliwa wa Gongali kule Karatu, alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno za kisayansi, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000. Sisi tunaoishi chini ya Meru, ambako visima vingi vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, tunajua kwa nini neno "mahali" lina uzito. Meno ya watoto wetu yanaonyesha.

Huyu wetu hana shahada wala tuzo, na hatusemi atazipata. Tunasema anajua kwa nini taa zetu zilikufa, jambo ambalo sisi na andiko letu la mradi hatukulijua.

Kwa hiyo tunaomba haya. Karakana ihamie chumba cha nyuma chenye sakafu ya saruji, kiwe na ndoo za mchanga mkavu, na kisifunguliwe bila mtu mzima ndani. Seli isiyo na kadi ya kinga isiguse meza. Kijana alipwe posho ya Jumamosi, maana hadi leo amekuja kwa nauli yake. Na kuanzia sasa, kifaa chochote tutakacholetewa, yeye akifungue kimoja kwanza kabla hatujasaini kupokea vingine. Wafadhili tutawaandikia sisi.

Taa ya yule mama imesharudi kwake. Nyingine kumi na moja bado ziko stoo zinasubiri uamuzi wenu. Daftari la vipimo hili hapa, lipitisheni kwa wajumbe mlione. Ufunguo wa karakana tumeuweka mbele ya Mwenyekiti.