Tunayoyajua Kazini Yaandikwe

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa njia ya reli mbele ya wanachama wa tawi



Nimeombwa niseme juu ya mambo ambayo mtu huyajua kwa sababu ya kazi yake, na ambayo mtu wa nje hayajui hata akiwa amesoma sana. Mimi sikufika mbali shuleni. Nilisoma shule ya misheni, nikamaliza masomo ya msingi, nikaingia kazini. Basi sitasema maneno ya vitabu vikubwa, nitasema ya njia, ya yadi na ya karakana. Halafu nitawaambia jambo moja ninalolitaka kwenu, nalo si dogo.

Tuanze na gurudumu. Ukimwuliza abiria ni kitu gani kinachoishika treni isitoke kwenye reli, atakuambia ni ule ukingo wa ndani wa gurudumu. Sivyo. Magurudumu mawili yameshindiliwa juu ya ekseli moja, huzunguka pamoja, wala hakuna moja liwezalo kumshinda mwenzake mbio. Sasa katika kona, reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Yatapitaje? Siri yake ni kwamba uso wa gurudumu haukunyooka, umechongwa mshazari. Karibu na ukingo gurudumu ni nene, upande wa nje ni jembamba kidogo. Treni ikiingia kona, ekseli husogea upande wa nje. Gurudumu la nje hukanyaga pale penye unene, likaenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, na la ndani hukanyaga pembamba. Kona ikiisha, yanarudi katikati yenyewe, hakuna aliyeyaamuru.

Ule ukingo ni kama askari wa usiku. Yupo, lakini ukimsikia anapiga kelele ujue kuna jambo. Katika kona kali kelele ni desturi. Lakini mtu wa njia akisikia chuma kinakwaruza chuma mahali palipo nyooka, hamwulizi mtu. Huchukua kipimo chake akaenda kupima upana wa njia. Reli yetu ya zamani upana wake ni milimita 1000, na ile mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni milimita 1435. Zikizidi au zikipungua kupita kiasi kilichowekwa, gurudumu litasema kabla ya karani kusema.

Breki nazo watu hawazijui. Hudhani dereva akitaka kusimama hutia nguvu ya hewa ndani ya bomba. Kinyume chake ndicho kweli. Hewa iliyojaa katika bomba, kutoka injini mpaka behewa la mwisho, ndiyo inayozuia breki zisishike. Dereva akiipunguza, breki zinashika. Na bomba likikatika, au mabehewa yakiachana njiani, hewa hutoka na treni husimama yenyewe. Dawa hii haikupatikana bure. Mwaka 1889 huko Armagh, katika Ireland, treni ya watu waliokuwa wakienda matembezi ilishindwa mlima, mabehewa ya nyuma yakafunguliwa, na breki zake hazikuwa za namna hii. Yakarudi nyuma mteremkoni yakagonga treni iliyokuwa ikija. Watu kama themanini walikufa, na miongoni mwao watoto. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza likatoa sheria kwamba treni za abiria ziwe na breki zinazoshika zenyewe. Kwa hiyo, ndugu wa yadi, unapokaza maunganisho ya lile bomba na mikono imejaa mafuta, usidhani ni kazi ya kitoto.

Kuna la mvua. Abiria huogopa mvua kubwa. Dereva huogopa manyunyu na umande. Mvua kubwa huosha reli ikawa safi, lakini manyunyu huchanganyika na vumbi na kutu na mafuta yakawa kama sabuni, na magurudumu yakazunguka bure mahali pamoja. Ndiyo sababu injini hubeba mchanga, ukamwagwa mbele ya magurudumu. Mtoto wangu alicheka sana niliposema injini yenye nguvu za farasi elfu na zaidi haiwezi kupanda mlima bila mchanga mkavu kama wa mtoni.

Na jua. Chuma hurefuka kwa joto. Reli ya mita 12, joto likipanda kwa digrii 30 tangu alfajiri mpaka saa nane mchana, itarefuka kama milimita 4. Ni kidogo, sivyo? Lakini hesabu reli zilizoshikana moja kwa moja katika kilomita moja, kila moja inataka milimita zake nne. Kama mianya ya maungio imezibana, njia haina pa kwenda ila pembeni, ikajikunja kama nyoka. Mtu anayetembea njia kila siku hutazama ile mianya asubuhi, naye ajua mchana utakuwaje.

Wale wanaosafisha mabehewa, ambao wengine wenu mnawapita bila salamu, wanajua kutu inaanzia wapi. Huanzia chini ya choo. Maji na chumvi ya mkojo huingia katika maungio ya bati, na miaka michache tu sakafu hula mpaka kwenye boriti. Katika mabehewa ya zamani yaliyomwaga uchafu moja kwa moja njiani, reli zenyewe na vishikizo vyake viliharibika, hasa karibu na stesheni. Na fundi mwenye nyundo ndefu hugonga gurudumu akasikiliza: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, kama chungu kilichopasuka. Mama mnunuzi wa vyungu sokoni hufanya vivyo hivyo, wala hakufundishwa na reli.

Sasa nafika penye jambo langu. Haya yote yamo masikioni, puani na mikononi mwa watu. Yako wapi katika ofisi? Ofisi husoma karatasi. Lisiloandikwa, kwa ofisi halijatokea.

Nitawapa habari ya daraja moja, kwa kuwa walichunguza wakaandika, nasi twaweza kujifunza bila kulipa. Katika Scotland kuna mto uitwao Tay, mpana sana mahali pale unapoingia baharini. Daraja la reli lilijengwa juu yake, urefu wa maili mbili hivi, likafunguliwa mwaka 1878. Aliyelichora, Thomas Bouch, alipewa heshima kubwa na Malkia. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika dhoruba, sehemu ya katikati ilianguka na treni juu yake. Hakuna hata mmoja aliyetoka mzima.

Baraza la uchunguzi likaketi mwaka 1880. Na waliokuja kusema walikuwa nani? Watu kama sisi. Wapaka rangi waliokuwa wakifanya kazi juu ya daraja mwaka ule wa 1879 walisema kwamba treni ilipopita daraja lilitikisika, nao waliliona kila siku. Wamiminaji wa chuma walisema kwamba nguzo nyingine zilitoka zina matundu, na matundu yakajazwa kwa mchanganyiko wa nta, vumbi la chuma na masizi, ukasuguliwa ukawa kama chuma chenyewe. Mchanganyiko ule ulikuwa na jina kiwandani, yaani halikuwa jambo la mtu mmoja na siku moja. Wenye nyundo walijua. Mwenye kalamu hakujua, au hakutaka kuuliza.

Tena kulikuwa na mtu mmoja, Henry Noble, aliyewekwa kulitazama daraja. Huyu alikuwa mwashi, kazi yake aliyoijua ni mawe na msingi, si chuma. Akasikia vyuma vya kufungia nguzo vinagongana. Mtu mwenye masikio! Akatafuta vipande vya chuma akavishindilia katika nafasi zilizolegea, kelele ikanyamaza. Lakini habari yenyewe hakumpelekea Bouch. Mimi simlaumu kama wengine wanavyomlaumu. Aliona tatizo, akalitengeneza kwa akili yake, kama sisi sote tufanyavyo kila wiki kwa waya na kipande cha mti. Lakini tazameni alichofanya: aliiondoa sauti, na ile sauti ndiyo iliyokuwa barua ya daraja kwa wenyewe.

Wengi wetu tunafanya hivyo. Tunaficha ubovu kwa ufundi wetu, halafu twajisifu. Kila siku tunapopitisha treni juu ya kitu kibovu kwa ujanja wa mikono, karatasi ya ofisi husema kitu kile ni kizima, na fedha za kukitengeneza hazitatoka.

Kwetu pia daraja limeanguka. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria ya njia ya Nairobi na Mombasa ilitumbukia katika mto Ngai Ndethia, baada ya mafuriko kulidhoofisha daraja. Watu zaidi ya mia moja walikufa. Wako kati yetu waliopoteza ndugu, kwa hiyo sitasema mengi. Nitasema tu jambo la maji ambalo watu wa njia hulijua. Maji ya mafuriko huchimba mchanga chini ya nguzo. Yakianza kupungua, hulijaza lile shimo tena kwa matope na mchanga mlegevu. Asubuhi ukienda kutazama, unaona chini pamejaa sawa kama jana, nguzo imesimama, maji yametulia. Macho yanasema salama. Lakini chini hapana ardhi, pana uji. Mzee wa njia huchukua fimbo ndefu au chuma akachoma, akajua. Kijana aliyeletwa jana hutazama tu akaandika “sawa”.

Namjua mnyapara mmoja, mahali pake sipataji. Alisema kwa mdomo mara tatu kwamba kalvati fulani linakaa vibaya. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri. Mara ya pili aliambiwa hakuna saruji. Mara ya tatu mkubwa alikuwa akila chakula. Mabehewa mawili ya mizigo yakalala pembeni. Nashukuru hakufa mtu. Siku ya nne ikaja barua ya kumwuliza yeye, mnyapara, kwa nini hakutoa habari mapema. Hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha.

Najua wengine mtasema: “Wewe bwana, ujuzi wetu ndio silaha yetu. Tukiuandika wote, ofisi itaushika, kisha ituambie kwaheri.” Neno hili lina ukweli ndani yake, wala silidharau. Ujuzi wa mkono wako ni mali yako. Namna ya kusikiliza gurudumu haichukuliwi kwa kusoma karatasi, na mwenye kuutaka aulipe katika mshahara. Chama kitaupigania. Lakini habari ya kwamba gurudumu fulani lina ufa si mali yako. Ni ya dereva, ni ya gadi, ni ya mama aliyepanda na watoto. Msichanganye mambo haya mawili.

Na sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa, na inamkataza mwenye kazi kumrudisha mtu mahali pale hatari ingalipo. Inamkataza pia kumfukuza mtu kwa kuwa alilalamika juu ya usalama. Tena mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi, sharti pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawemo. Waulizeni wenzenu wangapi wanawajua wajumbe wa kamati yao kwa majina. Mimi niliuliza katika genge letu, nikapata kimya.

Basi ninaomba tawi lipitishe hivi. Kila genge, kila zamu ya yadi, na kila kikundi cha karakana na cha usafishaji kiwe na daftari moja la kawaida, la shilingi chache. Aonaye ubovu aandike tarehe, saa, mahali na alichokiona au kukisikia. Na asiyejua kuandika amwambie mwenzake, aweke dole gumba. Aandike nakala mbili. Moja impelekee msimamizi, naye aitie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, na mashahidi wawili. Ya pili ije kwa katibu wa tawi. Na ukitengeneza kitu kwa waya, andika kwamba umetengeneza kwa waya. Mjumbe wetu katika kamati ya usalama asiingie mkutanoni mikono mitupu tena, aingie na madaftari haya. Mwanachama akiandikiwa barua ya adhabu kwa sababu ya alichoandika, barua ile iwe ya chama kizima, wala asiende ofisini peke yake.

Nimenunua madaftari sita, yako mezani kwa Bwana Katibu. La genge letu limeanza, lina mistari minne, na wa nne ni wa leo asubuhi: maungio mawili yamezibana, upande wa kulia ukielekea mlimani, na jua lilikuwa bado halijapanda. Watu wa yadi na wa usafishaji wachukue yao kabla hawajaondoka.