Mizani Nayo Hupimwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Pasua, Moshi)



Nimeombwa nizungumze juu ya vipimo. Najua mambo ya fizikia baada ya chakula cha mchana huleta usingizi, kwa hiyo nitaanza na swali moja tu, na swali hilo ndilo nitakalolijibu. Mizani hupima mizigo yetu. Je, mizani yenyewe inapimwa na nani?

Kupima ni kulinganisha. Mtu asemapo ubao una urefu wa mita tatu, maana yake ameuweka kando ya urefu mwingine uitwao mita, akaona umeingia mara tatu. Wazee wa pwani walipima nguo kwa shibiri na dhiraa, na nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Dhiraa ilikuwa urefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mnaona wenyewe taabu yake: muuzaji mwenye mkono mfupi alipima nguo fupi, wala hakusema uongo.

Msidhani mambo hayo yamekwisha. Katika masoko yetu hapa Moshi mahindi na maharage bado yanauzwa kwa debe na kwa sado. Debe hupima ujazo, yaani nafasi, wala halipimi uzito. Debe lililobonyezwa tumbo huchukua pungufu, na debe lililorundikwa kama mlima huchukua zaidi. Hapo ndipo ilipozaliwa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu yake. Kanuni zinakataza mazao ya shamba kufungashwa zaidi ya kilo 100 kwa gunia, lakini mkulima asiye na mizani shambani atajuaje kama amefungasha kilo 100 au 130?

Basi tunahitaji kilo. Lakini kilo ya nani?

Mwaka 1889 mataifa yalikubaliana kwamba kilo ni silinda moja ndogo ya platinamu na iridiamu, iliyotunzwa Sèvres, karibu na Paris. Nchi zilipewa nakala zake. Baada ya miaka kama mia moja nakala zilipolinganishwa na silinda ile, zilionekana kutofautiana nayo kwa kiasi cha maikrogramu 50 hivi. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mchanga, lakini wataalamu hawakuridhika kwamba hata mfalme wa mawe yote ya mizani anaweza kuyumba. Kwa hiyo tarehe 20 Mei 2019 silinda ile ilistaafishwa, na tangu siku hiyo kilo inatokana na namba ya maumbile isiyobadilika, iitwayo namba ya Planck. Mita nayo, tangu mwaka 1983, inatokana na mwendo wa mwanga.

Sasa, kutoka huko hadi kwenye meza ya muuza sukari wa Pasua kuna mnyororo. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya ugezi Dar es Salaam. Ugezi ni kazi ya kulinganisha kifaa cha kupimia na kingine ambacho usahihi wake umekwisha kujulikana, na kuandika tofauti iliyoonekana. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hutuma maofisa wake mikoani wakiwa na mawe ya mizani yaliyokwisha kulinganishwa. Ofisa huweka mawe yake juu ya mizani ya mfanyabiashara, na ikiwa kosa halizidi kiwango kinachoruhusiwa, huipiga chapa. Mwaka ukiisha, mizani huhakikiwa tena. Chapa ile ndiyo pingili ya mwisho ya mnyororo. Ikikatika pingili moja tu, namba inayosomwa kwenye mizani ni maneno matupu.

Nanyi wanafunzi mnaweza kuifanya kazi hii wenyewe. Chukueni mizani ya springi ya kuning'inia. Kwanza itazameni ikiwa haina kitu: je, mshale umesimama kwenye sifuri? Halafu ning'inizeni mawe yanayojulikana: kilo 5, kisha 10, 15, hadi 20, mkiandika kila mara mizani inavyosema. Kisha yapunguzeni kwa utaratibu ule ule mpaka mrudi kwenye sifuri. Rudieni mara tatu. Chora jedwali la safu mbili: uzito wa kweli, na uzito uliosomwa. Jedwali hilo litawaonyesha ugonjwa wa mizani kama daktari anavyoonyeshwa na kipimo cha damu.

Magonjwa ni matatu. La kwanza ni kosa la sifuri. Mizani isiyo na mzigo inasema gramu 200. Kwenye kilo 5 itasema kilo 5 na gramu 200, na kwenye kilo 20 itasema kilo 20 na gramu 200. Kosa ni lile lile popote. La pili ni kosa la uwiano. Sifuri ni sawa, lakini springi imebadilishwa, na kila penye kilo 100 inasema 98. Hapo kosa hukua pamoja na mzigo. La tatu ni kosa la msuguano. Kutu na vumbi hushika mshale, na ukiongeza mzigo unasoma namba moja, ukipunguza unasoma nyingine.

Hapa ndipo nawaomba mniazime masikio. Makosa haya hayamwumizi mtu yule yule. Mama anunuaye kilo moja ya sukari kwenye mizani yenye kosa la sifuri la gramu 200 anaondoka na gramu 800. Amepoteza sehemu moja ya tano ya fedha zake. Mwenye kununua kilo 20 hapo hapo anapoteza sehemu moja tu ya mia. Kwa hiyo kosa la sifuri humwonea mnunuzi mdogo. Sasa mtazameni mkulima anayeuza magunia 10 ya kilo 100 kwa mnunuzi mwenye mizani isemayo 98. Anapoteza kilo 20, naye sifuri ameiona kwa macho yake, ameridhika. Kosa la uwiano humwonea mwenye mavuno. Anayetazama sifuri tu amefanya nusu ya kazi.

Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kumbukeni kwamba haba na haba hukipunguza vile vile.

Wazee wetu wa Kilimanjaro waliijua thamani ya jambo hili. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilisimama juu ya mizani: mkulima alipeleka kahawa yake katika chama cha msingi, ikapimwa mbele yake, akaandikiwa stakabadhi. Imani ya mwanachama kwa chama chake ilikuwa imening'inia kwenye ndoano ile.

Wala si biashara peke yake. Kliniki hupima watoto wachanga kila mwezi, na muuguzi huweka nukta kwenye kadi. Mizani ikisogea gramu 300 kati ya mwezi huu na ujao, mtoto anayekonda ataonekana ananenepa. Dawa nyingi za watoto hutolewa kwa kufuata kilo. Hapo kosa la mizani linaingia katika mwili wa mtoto.

Sasa niseme neno juu ya mahali tulipo, maana mlima wetu ni mwalimu mkubwa wa somo hili. Vitabu vinasema maji huchemka katika nyuzi 100 za sentigredi. Ni kweli, kwa kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, na hapa maji huchemka katika nyuzi 97 na kidogo. Kwenye kilele cha Uhuru huchemka katika nyuzi karibu 80. Mwanafunzi wa Moshi atakayetia themomita katika maji yanayochemka na kuandika 100 amejaza kosa la karibu nyuzi tatu katika kifaa chake, naye amefuata kitabu neno kwa neno.

Mizani nayo hivyo hivyo. Mizani ya vitanga hulinganisha tungamo na tungamo, na ukiipandisha kileleni itatoa jibu lile lile, kwa sababu mvutano wa dunia hupungua pande zote mbili kwa pamoja. Mizani ya springi hupima mvutano wenyewe. Gunia la kahawa la kilo 60 lililopimwa hapa mjini kwa springi, likipimwa kileleni kwa springi ile ile, litaonekana limepungua kati ya gramu 60 na 100. Hakuna aliyeiba. Ndiyo maana kifaa cha namna hii inafaa kigezwe mahali pale kitakapotumika. Na msidanganywe na mizani za kisasa zenye namba zinazong'aa: nyingi kati yake, ndani yake, nazo hupima mvutano.

Joto pia lina lake. Vifaa vya kupima urefu hugezwa kwa joto la nyuzi 20, kwa makubaliano ya mataifa. Futi kamba ya chuma ya mita 30 ikitumiwa katika jua la nyuzi 30 hurefuka kwa zaidi ya milimita tatu. Kwa mpaka wa kihamba si neno, lakini fundi wa mashine hawezi kuishi na milimita tatu.

Hata kimo cha mlima hakikupatikana kwa siku moja. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na kwa miaka mingi ramani za Wajerumani zilitaja mita 6,010. Wapimaji wa Kiingereza mwaka 1952 walipata mita 5,895, namba ambayo kila mtoto wa Tanzania anaijua. Vipimo vya setilaiti vilitoa 5,892 mwaka 1999, 5,891 mwaka 2008, na 5,899 mwaka 2014. Mlima haukuwa ukipanda na kushuka. Kila namba ilikuja na kifaa chake, na njia yake, na kiasi chake cha mashaka. Mtaalamu wa kweli hasemi namba bila kusema pia inaweza kukosea kwa kiasi gani.

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, ninalo ombi. Tumezoea kuchangia rangi na mabati. Safari hii tuinunulie maabara ya shule seti moja ya mawe ya mizani yaliyohakikiwa, pamoja na daftari ngumu la ugezi, ili kila kifaa kiwe na ukurasa wake: tarehe, kosa lililoonekana, na jina la aliyekikagua. Mpaka mawe yatakapofika, vijana waanze na maji. Lita moja ya maji safi, iliyopimwa kwa silinda ya maabara, ina kilo moja kasoro gramu tatu au nne kwa joto la hapa. Inatosha kabisa kuifichua mizani iliyopotoka kwa gramu 200.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapotumwa sokoni, tazameni mambo mawili kabla ya kutoa fedha: sifuri na chapa. Mkikuta chapa ya mwaka uliopita, ulizeni kwa heshima. Mwenye mizani ya haki hatakasirika, kwa kuwa naye hana njia nyingine ya kuthibitisha kwamba ni mtu wa haki.